HATA MTOTO HUPATWA NA PRESHA

Wengi wetu hudhani presha ni ugonjwa wa watu wazima tu. Si kweli. Mtoto naye anaweza kuwa na presha. Mara nyingi huletwa na ugonjwa mwingine uliojificha mwilini.

Mmojawapo ni ugonjwa wa Takayasu. Hautokei mara nyingi, lakini ni hatari. Umepewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani, aliyeueleza mwaka 1908. Kuta za mishipa mikubwa ya damu huvimba na kunenepa. Njia ya damu huwa nyembamba.

MFANO WA MFEREJI

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, Karatu, wataelewa upesi. Tope likijaa katikati ya mfereji, shamba la chini hukosa maji. Mwenye shamba hupiga kelele: "Fungueni maji zaidi!" Maji yakiongezwa, hufurika huko juu na kubomoa kingo.

Figo nazo hufanya hivyo. Mshipa wa figo ukiwa mwembamba, figo hupata damu kidogo. Hapo figo huamuru presha ipande. Presha hiyo huumiza moyo, ubongo na macho.

DALILI

Mtoto huumwa kichwa mara kwa mara. Hupata homa, hukonda na kuchoka. Mkono humuuma akibeba ndoo ya maji. Mapigo ya damu ya mkono mmoja huwa dhaifu kuliko ya mkono wa pili, au hayasikiki kabisa.

UFANYE NINI?

Usikisie kuwa ni malaria. Mpeleke mtoto zahanati. Mwombe mganga ampime presha mikono yote miwili. Mkono wenye mshipa mwembamba huonyesha presha ndogo, kumbe presha ya mwili iko juu. Kitambaa cha kipimo nacho kilingane na mkono wa mtoto.

Ukiandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Endulen, Karatu, au KCMC Moshi, usikawie. Akipatwa na degedege au macho yakififia ghafla, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Ziko dawa za kutuliza uvimbe wa mishipa na za kushusha presha. Watoto wengine hupanuliwa mshipa. Mtoto akipata nafuu, usimwachishe dawa bila ruhusa ya daktari. Ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Ugonjwa huu hauambukizi. Wala mtoto hakurogwa. Tusipoteze siku kwa kutafuta mchawi. Tumpeleke mtoto akapimwe.