Senema ya kauboi iliyomuua mpiga picha wake

Wapenzi wa senema wa pwani hawahitaji kufundishwa kauboi ni nani. Ukiziondoa picha za Kihindi, ambazo zina ufalme wake peke yake, ni chache zilizojaza kumbi zetu za zamani kama zile za watu wa kofia pana na farasi wa mbio. Na mtazamaji wa viti vya mbele, penye bei nafuu na makelele mengi, alikuwa na watu wawili tu wa kuwajua: steringi na adui. Steringi hafi. Akipigwa risasi ya bega hujifunga kitambaa, akapanda farasi akenda zake. Adui hufa, na akifa watu hupiga makofi. Nani aliyeshika kamera, nani aliyeijaza bastola ile, nani aliyepaza sauti kuwaambia wenziwe kwamba sasa ni salama kuanza, hayo hayakumhusu mtu. Majina yao yalipoanza kupanda kwenye kitambaa, taa zilikuwa zimekwisha washwa na watu wanasukumana mlangoni.

Leo tuwazungumze hao wa mwisho. Picha yenyewe yaitwa Rust, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kutu, nalo hapa ni jina la mzee ambaye ndiye steringi. Kisa chake ni cha miaka ya 1880 huko magharibi ya Marekani. Mtoto yatima wa miaka 13 aitwaye Lucas amemuua mfugaji wa ng'ombe pasipo kukusudia, naye akahukumiwa kunyongwa. Babu yake, Harland Rust, jambazi anayetafutwa na serikali tangu zamani, atokea kusikojulikana akamtorosha gerezani, na wawili hao wakashika njia ya Mexico huku nyuma wanafuatwa na askari na mwindaji wa wahalifu. Babu alichezwa na Alec Baldwin, mchezaji mashuhuri ambaye pia alikuwa mmoja wa watayarishaji. Kisa alikitunga pamoja na mwongozaji, Joel Souza. Askari ni Josh Hopkins, mwindaji ni Travis Fimmel, na mtoto ni Patrick Scott McDermott.

Msomaji akitazame vizuri kisa hicho. Mauti yasiyokusudiwa, na sheria inayotaka mtu wa kuyajibia. Hayo yaliandikwa kwenye karatasi kabla ya yeyote kati yao kutia mguu kule jangwani.

Kazi ya kupiga picha ilianza Oktoba 2021 katika shamba liitwalo Bonanza Creek, karibu na mji wa Santa Fe, jimbo la New Mexico. Ni mahali pa desturi kwa senema za namna hii. Pana kijiji kizima cha mbao kilichojengwa ili kipigwe picha tu. Fedha zilikuwa kiasi cha dola milioni 7, ambazo kwetu sisi ni za kujengea mtaa, lakini kwa watu wa Hollywood ni kidogo, na fedha ikiwa kidogo siku nazo huwa kidogo. Watu wakaharakishwa. Baadhi ya wafanyakazi wa kamera walilalamika juu ya malipo, juu ya kulazwa hoteli za Albuquerque mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka kazini, na juu ya usalama wa silaha, kwa kuwa bunduki zilikwisha lia zaidi ya mara moja pasipo mtu kutaka zilie. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba kikundi cha wafanyakazi hao kilikusanya vyombo vyake kikaondoka.

Aliyebaki ni kiongozi wao, mwanamke wa miaka 42, Halyna Hutchins.

Huyu ndiye ambaye watazamaji wa viti vya mbele hawakupata kumwuliza jina. Alizaliwa Ukraine mwaka 1979, akalelewa katika kambi ya jeshi la majini la Warusi, kaskazini ya mbali penye barafu, mahali ambapo mtoto hana mengi ya kutazama ila paa wa theluji na nyambizi za nyuklia. Alisomea uandishi wa habari mjini Kyiv, akafanya kazi na watu wa filamu za habari za Kiingereza, kisha akahamia Los Angeles. Hapo alianza upya kama mwanafunzi, akahitimu mwaka 2015 katika chuo cha Taasisi ya Filamu ya Marekani, na mwaka 2019 jarida la wapiga picha wa senema la nchi hiyo likamtaja miongoni mwa nyota wanaochipuka. Mkuu wa wapiga picha si mtu wa kubonyeza kitufe. Ndiye anayeamua mwanga utoke dirisha gani, kivuli kiangukie shavu lipi, kamera isogee au isimame. Mwongozaji hutunga maneno ya shairi, lakini mizani na vina ni za mpiga picha. Na katika kazi hiyo wanawake ni wachache mno, hata hesabu yao yatia haya.

Mchana wa siku ile, siku ya 12 ya kazi, walikuwa ndani ya kanisa la mbao la kijiji kile. Kamera ilikuwa haijawashwa. Walikuwa wakipanga tu. Baldwin ameketi kwenye benchi akijaribu namna ya kuichomoa bastola kutoka upande wa pili wa kiuno, na Halyna pamoja na Souza wako karibu na kamera, wanatazama itakavyoonekana. Bastola ikalia. Risasi ilimpita Halyna kifuani ikaenda kumkaa Souza begani. Helikopta ilimpeleka Halyna hospitali ya Albuquerque, akafa. Aliacha mume na mtoto wa kiume wa miaka 9. Souza alipona.

Sasa inafaa tueleze jambo la risasi, kwa sababu hapo ndipo penye siri yote, na magazeti mengi yalipita mbio. Katika senema huwapo aina mbili za risasi za halali. Ya kwanza ina baruti lakini haina chuma mbele. Hulia na kutoa moshi, haitupi chuma. Ya pili ni kinyume chake: ina chuma mbele ili ionekane ya kweli bastola ikitazamwa kwa karibu, lakini ndani hamna baruti. Nyingine hutobolewa tundu ubavuni, nyingine hutiwa gololi ndogo ndani. Mjuzi huishika kwa vidole viwili, huipeleka sikioni na kuitikisa. Ikilia kama njuga ni salama. Ikinyamaza, isitiwe bastolani. Hiyo ndiyo elimu yote. Haihitaji chuo, yahitaji sikio na subira ya dakika moja kwa kila bastola.

Bastola ya Baldwin ilikuwa ya mtindo wa zamani, ya tundu 6, iliyotengenezwa Italia kwa kuigiza zile za karne ya 19. Ilitakiwa ijazwe risasi za njuga. Mojawapo ilikuwa ya kweli. Wapelelezi walikuja kugundua kwamba risasi za kweli mahali pale zilikuwa 6, katika kazi ambayo hata moja haikuwa na haki ya kuwapo.

Mtunza silaha alikuwa Hannah Gutierrez-Reed, binti wa miaka 24. Baba yake wa kambo, Thell Reed, ni fundi wa bastola anayejulikana sana Hollywood, lakini binti mwenyewe alikuwa mchanga katika kazi. Tena hakuachwa na kazi hiyo moja: alipewa pia kusaidia kutunza vifaa vingine vya mchezo, na ripoti ya wakaguzi wa usalama kazini wa New Mexico ilieleza kwamba alizuiwa nafasi ya kutosha ya kushughulikia silaha. Baada yake alikuwapo David Halls, msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, ambaye wajibu wake mmoja ni usalama wa watu mahali pa kazi. Halls alikiri mahakamani kwamba hakuikagua bastola ile ipasavyo. Hakuzitazama risasi zote. Ilitangazwa kwamba bastola ni baridi, yaani haina hatari, na mchezaji akaamini.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa naona mambo yaligeuka: kila baharia alidhani sukani ameishika mwenziwe. Mchezaji alimwamini msaidizi, msaidizi alimwamini mtunza silaha, naye aliliamini sanduku. Amana ilipita mikono mitatu na hapana mkono hata mmoja ulioifungua kuitazama vizuri.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Vijana wetu walioingia senema kumtazama Bruce Lee wakatoka wakirushiana mateke barabarani, wengi wao wanajua kwamba mwanawe, Brandon Lee, naye alikufa mapema. Aliuawa tarehe 31 Machi 1993 huko Wilmington, North Carolina, akicheza picha ya The Crow, akiwa na miaka 28. Watu walijitengenezea risasi za uongo kutokana na za kweli. Kipande cha chuma kikakwama katika mtutu, na siku nyingine ilipotiwa risasi ya baruti tupu, baruti ile ikakisukuma kile kipande. Ulimwengu ulilia, kanuni zikaandikwa. Kanuni zilikuwapo mwaka 2021. Mkaguzi wa jimbo hakusema hazikuwapo; alisema wakubwa wa kazi walijua kwamba hazifuatwi. Aprili 2022 kampuni ya picha hiyo ilitozwa faini ya dola 136,793, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa na sheria ya huko, nayo baadaye ikapunguzwa kwa mapatano hadi dola 100,000.

Ya mahakama ni marefu, nayafupisha. Halls hakupinga shtaka la kutumia silaha hatari kwa uzembe, na mwaka 2023 akapewa miezi 6 ya uangalizi, bila kifungo. Gutierrez-Reed alionekana na hatia ya kuua bila kukusudia Machi 2024. Waendesha mashtaka walidai yeye ndiye aliyezileta risasi za kweli. Wakili wake alikana. Akahukumiwa miezi 18, akatoka Mei 2025. Baldwin alisema tangu mwanzo kwamba hakuvuta kifyatulio. Alishtakiwa, akafutiwa, akashtakiwa tena, na kesi yake ilipokuwa imeanza tu Julai 2024, jaji aliitupa moja kwa moja isirudi tena, kwa sababu upande wa serikali ulikuwa umewaficha mawakili wake ushahidi fulani juu ya risasi. Hivyo hapana aliyepata kusikia jopo la raia likisema ana hatia au hana. Kati ya watu wote waliokuwa juu na chini katika kazi ile, aliyelala gerezani kwa kifo hicho ni mmoja, yule binti. Hatia yake sipingani nayo. Lakini waliompa kazi mbili mtu wa kazi moja, ili dola zitoshe, wao walitozwa faini tu.

Kisha ikazuka suala la picha yenyewe: imalizwe au izikwe? Wako waliosema ni aibu kuigusa tena. Mumewe marehemu, Matthew Hutchins, aliafikiana na kampuni Oktoba 2022, na katika mapatano yale akawa mmoja wa wakuu wa utayarishaji, kazi iendelee. Aprili 2023 walirudi kazini, safari hii katika jimbo la Montana, na bastola zinazoweza kupiga zikakatazwa kabisa. Souza alirudi. Nafasi ya Halyna ilishikwa na mpiga picha Bianca Cline, naye mzigo wake haukuwa mdogo: alitakiwa kuuendeleza mwanga wa mtu mwingine, asiutie wake, ili mtazamaji asijue ni wapi mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza. Mtunzi yeyote aliyepata kuombwa kumalizia utenzi wa mwenziwe aliyefariki anajua uzito huo. Mchezo wa ndani ya kanisa Souza aliuondoa; katika picha haumo.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2024 mjini Toruń, nchini Poland, katika tamasha la Camerimage, ambalo ni la kuwatukuza wapiga picha hasa, si wachezaji. Mei 2025 ikatolewa Marekani. Katika majina, mahali pa mpiga picha pameandikwa mawili, la Halyna Hutchins na la Bianca Cline, na picha yote imetolewa kwa ukumbusho wa Halyna.

Mamake Halyna hakwenda Toruń. Alitoa habari kupitia kwa wakili wake kwamba hatahudhuria tamasha la kuitangaza picha ile maadamu haki ya mwanawe haijapatikana.