Tone la Mafuta Nyuma ya Trekta

Katika nchi kavu ya Mbeere, upande wa Ishiara katika Kaunti ya Embu, kazi ya shamba haina budi kufuata mvua. Mvua ya vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba, nayo ndiyo wakulima wa huko huitegemea zaidi. Ndengu na mtama vikichelewa kupandwa, mvua hukatika kabla punje hazijajaa. Kwa hiyo trekta ikisimama juma moja katika siku hizo, hasara si ya mwenyewe tu, bali ni ya kila mtu aliyekuwa akingoja zamu yake ya kulimiwa.

Mara nyingi kinachoisimamisha trekta kuukuu si jambo kubwa. Huanza kwa tone la mafuta nyuma, pale mabomba ya plau au ya trela yanapounganishwa. Dereva hulifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Lakini wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno hilo lahusu trekta kama lihusuvyo nyumba.

VIUNGIO HIVI NI VITU GANI

Trekta huinua plau na kupindua trela kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Mafuta hayo ndiyo yaitwayo mafuta ya haidroli. Ili yafike kwenye chombo kinachokokotwa, hupita katika viungio vya chuma vilivyo nyuma ya trekta, ambavyo mafundi huviita kapla. Kila kiungio kina sehemu mbili. Jike limekazwa kwenye trekta, na dume liko mwisho wa bomba la mpira. Dume likiingia ndani ya jike, kila moja husukuma kizibo cha mwenzake, na mafuta hupata njia. Likitolewa, springi hurudisha vizibo mahali pake na njia hufungwa.

Ndani ya jike mna pete ya mpira iitwayo oringi, ambayo hulikumbatia dume ili mafuta yasitoke pembeni. Katika viungio vingi, kando ya oringi mna pete ya pili, nyembamba na ngumu, ambayo kazi yake ni kuizuia oringi isisukumwe nje. Pete hizo mbili ni ndogo, na bei yake ni ndogo pia, lakini mzigo wake ni mkubwa sana. Gurudumu la gari dogo hutiwa upepo wa ratili 30 hivi kwa kila inchi mraba. Mafuta ya trekta inapoinua kitu kizito yaweza kufikia ratili 2,000 na zaidi.

KWA NINI TONE LISIDHARAULIWE

Tone moja kwa kila nukta ni jambo dogo machoni. Hata hivyo, katika saa moja hayo ni matone 3,600, na katika siku ya kazi ya saa nane hupotea zaidi ya lita moja ya mafuta. Katika trekta kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambayo bado yaonekana mashambani, mafuta ya haidroli ndiyo hayo hayo yanayolainisha gia na ekseli ya nyuma. Yakipungua, si plau peke yake itakayoshindwa kuinuka. Meno ya gia nayo husagana makavu. Hapo mtu aliyeona uchungu kununua oringi hulazimika kununua gia.

Tena, mahali panapotoa mafuta hushika vumbi. Dume likiingizwa, mchanga huingia pamoja nalo, hufuata mafuta, na kuikwaruza pampu. Ardhi ya Ishiara ni ya vumbi jingi wakati wa kiangazi, na hatari hiyo ni kubwa kuliko katika nchi za juu zenye unyevu.

KWANZA, USALAMA

Kabla ya kugusa kitu chochote, trekta isimamishwe mahali tambarare, breki ifungwe, na chombo kishushwe mpaka kitulie chini. Trela ikiwa imeinuliwa, mtu asiingie chini yake kamwe. Kisha injini izimwe, na mikono ya kuendeshea haidroli isukumwe mbele na nyuma mara kadhaa, ili nguvu iliyobaki ndani ya mabomba itoke.

Yafaa kila mtu ajue kwamba kidole si kifaa cha kutafutia tundu. Mafuta yanayotoka kwa nguvu katika kitundu kidogo yaweza kupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana kama mchomo wa mwiba, na pengine haliumi sana mwanzoni. Lakini baada ya saa chache mkono huvimba, nyama huanza kufa, na mtu aweza kupoteza kidole au mkono mzima. Aliyepatwa na jambo hilo asingoje maumivu. Apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba mafuta ya haidroli yameingia mwilini, maana jeraha kama hilo huhitaji kupasuliwa mapema. Anayetafuta mahali panapovuja apitishe kipande cha kadibodi karibu na kiungio, huku mikono na uso wake viko mbali.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Sehemu yote ya nyuma ioshwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushwe, ndipo injini iwashwe na kuangaliwa. Mafuta yaweza kutoka mahali patatu, na kila mahali pana dawa yake.

Yakitoka mdomoni mwa jike wakati dume limo ndani, kosa ni la oringi, au dume limekwaruzika. Yakitoka mdomoni wakati hapana kitu kilichoingizwa, kizibo cha ndani hakikai sawasawa, ama kwa uchafu, ama kwa kuchakaa. Yakitoka nyuma ya jike, pale lilipokazwa kwenye trekta, kosa liko kwenye meno ya skrubu au kwenye sili ya mahali hapo.

KUREKEBISHA

Kwa kosa la kwanza, injini izimwe na nguvu iondolewe tena kama ilivyoelezwa. Oringi ya zamani itolewe kwa kijiti kilichochongwa au kwa waya laini wa shaba. Bisibisi yenye ncha kali isitumiwe, kwa sababu huacha mkwaruzo katika mfereji wa oringi, na mkwaruzo huo huwa njia mpya ya mafuta. Fundi atazame pete ngumu ilikuwa upande gani, airudishe vivyo hivyo. Kanuni yake ni kwamba mafuta yakutane kwanza na mpira, na pete ngumu ikae nyuma ya mpira huo kuuegemeza. Mfereji upanguswe, oringi mpya ipakwe mafuta safi, ikunjwe kama umbo la figo, iingizwe, kisha iachwe ifunguke mahali pake. Dume nalo lichunguzwe. Likiwa na makovu, libadilishwe, ama sivyo litaikata oringi mpya katika siku chache.

Watu wengine hukata pete kutoka katika tyubu kuukuu ya gurudumu. Hiyo si dawa, kwani mpira wa namna hiyo haukufanywa kukaa ndani ya mafuta. Hulowa, huvimba, hulainika, na vipande vyake huingia katika mabomba. Oringi ya haki ni ile iliyofanywa kwa ajili ya mafuta, yenye kipimo sawa na ya zamani. Yafaa ile ya zamani ichukuliwe dukani ili ilinganishwe. Anayekwenda Embu mjini na anunue tatu au nne kwa pamoja, kuliko kufanya safari nyingine katikati ya msimu.

Kwa kosa la pili, kizibo chaweza kusukumwa taratibu kwa kijiti safi, injini ikiwa imezimwa na chombo kiko chini, ili mafuta kidogo yatoke na uchafu. Ikiwa bado chavuja, ni heri kubadilisha kiungio kizima. Hapo uangalifu wahitajika, maana viungio vingi vya zamani hufungwa kwa gololi, na vingi vya siku hizi kwa kizibo chenye ncha. Vya aina mbili vikichanganywa, pengine huingiana vizuri kwa nje lakini visifunguane ndani, na mafuta yakakosa njia.

Kwa kosa la tatu, spana mbili zitumiwe, moja ya kushika na moja ya kukaza, ili bomba lililo nyuma lisipindike. Kukaza kupita kiasi hupasua chuma.

Kazi ikiisha, kipimo cha mafuta kitazamwe na kilichopungua kijazwe kwa mafuta ya aina iliyoagizwa kwa trekta hiyo. Mkono wa haidroli uendeshwe mara kumi hivi, kadibodi ipitishwe tena, na kipimo kitazamwe mara ya pili.

KUZUIA KULIKO KUTIBU

Kila jike lifunikwe kwa kifuniko chake, au kwa mfuko safi uliofungwa vizuri. Dume lipanguswe kabla ya kuingizwa, na bomba litundikwe, lisiburutwe chini. Nguvu iondolewe katika mabomba kila mara kabla ya kuyachomoa. Bomba lililofungiwa mafuta na kuachwa juani hupata moto, mafuta hupanuka, na siku ya pili dume hukataa kuingia. Hapo watu huchukua nyundo, na pigo moja la nyundo huharibu kiungio kuliko kazi ya mwaka mzima.

Mafuta machafu yasimwagwe mferejini wala karibu na mto. Maji ya Thuci, unaopakana na Tharaka Nithi, huteremka mpaka Tana, na wengi huyanywa njiani.

Mwezi wa Septemba, kabla mawingu hayajakusanyika, ndio wakati wa kazi hii. Nusu siku na pete chache za mpira zatosha. Atakayengoja mpaka Oktoba atafanya kazi ile ile, lakini huku mvua ikinyesha juu ya shamba lisilolimwa.