Maradhi ya Gari Kuukuu: Kutambua Kasoro Kabla ya Kununua Kipuri

Msomaji anayepita katika mitaa ya Jericho, Makadara au Buruburu siku ya Jumamosi huenda akaona gari kuukuu lililoinuliwa juu ya mawe, boneti wazi, na watu watatu wakilichungulia. Pengine litakuwa Peugeot 504, ambalo wengi wetu tulizoea kuliita Pijo. Muundo huo ulizinduliwa mwaka wa 1968, ukashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, na kwa miaka mingi magari yake yaliunganishwa humu humu nchini. Maadamu Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yaliyopita umri wa miaka 8, anayelitamani hana budi kulifufua mojawapo ya yaliyobaki.

Makala hii haikusudii kumgeuza mwanafunzi wa Kiswahili kuwa fundi. Inaeleza namna ya kuliuliza gari linaumwa nini kabla fedha hazijatoka mfukoni, jambo ambalo mimi nililijifunza kwa hasara.

Mjomba wangu alipostaafu aliazimia kulirudisha barabarani Pijo lake lililokuwa limekaa nje ya nyumba yake, Jericho, kwa miaka sita. Tulilisafisha, tukabadilisha betri na mipira iliyokauka, likawaka. Hata hivyo, kila lilipoendeshwa kwa dakika ishirini hivi lilizimika, likipumzishwa linawaka tena. Majirani wakakubaliana kwamba ni koili. Tukashuka hadi Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, tukanunua koili. Likazimika. Tukanunua pampu ya mafuta. Likazimika vilevile. Fedha hizo zilitoka katika malipo yake ya uzeeni, na shangazi alianza kuuliza ikiwa gari hilo lilikuwa na haki ya kula kabla ya wajukuu.

Hatimaye tulimwita fundi mmoja mzee. Hakushika spana. Aliuliza: “Mjomba wako, likifa, linakufa na moto au bila moto?” Hakuna aliyejua. Basi akaliendesha hadi likazimika, akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, kisha akaniambia nipige stata. Cheche ya samawati ikaruka. Moto ulikuwapo, kwa hiyo koili haikuwa na kosa tangu mwanzo. Akachungulia kabureta, akaikuta kavu. Akaenda nyuma, akafungua mfuniko wa tangi, tukasikia tangi likivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mfuniko ule haukuwa wa asili. Haukuwa na kitundu cha kuingizia hewa. Petroli ilipopungua hewa haikujaza nafasi yake, ombwe likaizuia isitoke. Tiba ilikuwa mfuniko mwingine.

Mantiki yake ni nyepesi. Injini ya petroli huhitaji moto kwa wakati wake, mafuta, na hewa. Kila kipimo huondoa tuhuma juu ya kimojawapo, na kipuri hununuliwa baada ya mtuhumiwa kubaki mmoja.

Plagi yenyewe ni shahidi mzuri. Ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko wa mafuta na hewa ni sawa. Ikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Hapa Nairobi hali hiyo ina sababu moja ya kijiografia. Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa hupima petroli kwa hewa nzito ya pwani. Ikipanda huku, gari hutoa moshi mweusi na kula mafuta, ilhali hakuna kilichoharibika.

Moshi mweupe usiokoma ni habari nyingine, hasa maji yakipungua na mafuta ya injini yakifanana na chai ya maziwa. Hapo gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Kichwa cha injini ya 504 ni cha alumini na bloku ni ya chuma, hivyo gari likichemka kichwa hupindika upesi. Kubadilisha gasketi bila kukipeleka kichwa kusawazishwa ni kununua gasketi mbili.

Mwanaisimu atavutiwa na namna mafundi wanavyozungumza: gari linakohoa, limekosa pumzi, linakunywa mafuta. Sisi tungeyaita sitiari. Kwa fundi ni majina ya dalili, na kila moja humwelekeza mahali mahususi pa kuanzia. Sijui kwa nini tunapounda istilahi za ufundi huanza na kamusi ya Kiingereza badala ya kuanzia hapo.

Lililobaki halihusu kuwaka bali kusimama. Gari lililokaa miaka huwa na mipira ya breki iliyooza na pistoni zilizokwama kwa kutu. La mjomba lilikuwa limekwisha kuzunguka mtaa mara kadhaa, watoto wakilikimbilia, kabla fundi yule hajafungua gurudumu la nyuma na kutuonyesha mafuta ya breki yakitiririka ndani ya ngoma. Alilisimamisha siku tisa, hadi silinda zote nne za magurudumu zilipofunguliwa.