Masomo ya Lugha za Kigeni: Faida Gani kwa Padri?

Ndugu waseminari wanaotumwa kwenye Universite kusoma lugha na desturi za mataifa mengine huulizwa na wazee wao: "Mtoto, lugha hiyo itatusaidia nini huku Kalemie? Mjini tunaungama kwa Kiswahili, na vijijini watu wanasema Kiluba, Kitabwa au Kiholoholo." Swali hilo si la kudharauliwa. Anayesoma pasipo kujua sababu atarudi na diploma mkononi, lakini Wakristu hawatapata kitu.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Mfanyabiashara anayevuka ziwa kwenda Kigoma hujifunza upesi maneno ya soko, naye anauza vizuri. Mwanafunzi wa Universite huenda mbali zaidi. Anatafuta jinsi lugha inavyojengwa. Anasoma vitabu vya wenyewe, habari zao za kale, imani yao, ndoa zao, na namna wanavyozika wafu wao. Anataka kujua jinsi watu hao wanavyofikiri. Wala si lazima kwenda Ulaya kwa kuanza. Universite ya Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, na ile ya Lubumbashi mwaka 1956. Mwaka 1971 Serikali iliziunganisha pamoja na ile ya Kisangani, na masomo ya lugha yakawekwa Lubumbashi. Mwaka 1981 zikatengana tena.

Faida ya kwanza ni hii: lugha ya kigeni inatufungua macho kuona ya kwetu. Tutwae neno moja la katekismu. Kilatini kina maneno mawili, *anima* na *spiritus*. Katika Kiswahili chetu, "roho" ni ile isiyokufa ndani ya mtu, tena twasema "Roho Mtakatifu". Neno moja linabeba mizigo miwili. Mkatekista asiyejua jambo hilo hushangaa kwa nini watoto wanachanganya. Aliyejua ataona mahali pa kusimama na kueleza polepole.

Mfano mkubwa tunao hapa kwetu. Abe Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa, alisoma Kilatini na Kifaransa kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1910, angali mseminari, maandiko yake ya Kifaransa juu ya mawazo na tabia ya Wabantu yalianza kutolewa katika gazeti la Wabelgiji. Mwaka 1917 akapewa Upadri kule Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, akiwa wa kwanza katika Kongo ya siku zile. Tuangalie vema: lugha ya wageni aliitumia kwa kueleza watu wake mwenyewe. Hakuitumia kwa kuwakimbia.

Lakini hatari ipo, nasi tuliigusa. Miezi michache baada ya masomo, tuliitwa usiku kwa mama mzee katika kijiji cha milimani. Alitaka kuungama, naye alijua Kitabwa tu. Sisi tulikuwa na Kilatini, Kifaransa na Kingereza. Kitabwa tulikuwa na maneno ya salamu. Sheria ya Kanisa inaruhusu mkalimani, naye anafungwa na siri. Tukamwita mkatekista. Mama akageuza uso ukutani. Mkatekista alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake! Tulisoma vitabu vingi juu ya adabu ya Wazungu, lakini adabu ya mkwe na mama mkwe tuliisahau. Tukamtoa mkatekista nje. Mama akasema maneno yake yote, akijipiga kifua, nasi hatukufahamu hata moja. Tulimpa maondoleo, maana majuto yalionekana. Akafa kesho yake. Mungu alimsikia, sisi ndio tulikuwa viziwi.

Basi, tufanye nini? Tuache masomo? Hapana. Mtaguso wa Vatikano II, mwaka 1965, uliagiza waseminari wajifunze Kilatini, ukawahimiza kujua pia lugha za Maandiko Matakatifu. Lakini Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza watu wake waseme lugha ya wenyeji hata wao kwa wao. Mgeni aliamriwa hivyo. Je, mtoto wa inchi atapewa ruhusa ya kuisahau?

Kwa hiyo, ndugu mseminari, uwe na daftari mbili. Katika moja, andika neno la kigeni ulilojifunza. Katika nyingine, andika jinsi nyanya yako angelisema. Usipojua, umwulize wakati wa likizo, angali hai. Nawe mkatekista, usione haya kumsahihisha padri anapokosea lugha yako.

Siku ya Pentekoste, wageni waliokuwa Yeruzalemu hawakulazimishwa kujifunza lugha ya Galilea. Kila mmoja aliwasikia Mitume kwa lugha ya kwao. Kazi ya kujifunza ni ya yule anayetumwa.