Kitulo si ya Agosti

Wakala wa safari akiulizwa ni lini mtu aende mbugani, jibu lake mara nyingi ni moja: njoo kati ya Juni na Oktoba, nyasi fupi, barabara kavu, wanyama wanaonekana. Kwa Ruaha ni ushauri mzuri. Kwa Kitulo ni kumpoteza mtu njia.

Agosti nyanda hizi za Makete, zilizo kwenye mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyasi kavu na upepo, na alfajiri nyingine sakitu. Maua yaliyowafanya wenyeji wapaite Bustani ya Mungu, na Serikali ipatangaze kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hayapo. Huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikimwagika. Anayeyataka hana budi kulowa.

Kwanza apande. Kutoka Chimala njia ya kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, na anayeshangaa jina hilo ahesabu kona. Kifuku kikikolea utelezi humfanya hata dereva mzoefu anyamaze. Huko juu kuna mbayuwayu wa bluu wanaokuja kutaga msimu huu wa mvua, kuna tandawala wakubwa wanaotembea nyasini bila haraka, na kuna maua ya manjano, meupe na ya zambarau kila jicho linapotua. Hifadhi ina aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake okidi za ardhini.

Mwongoza watalii mmoja wa Matamba, aliyeomba jina lake lisiandikwe, haanzi kwa kuwaonyesha wageni wake mandhari. Huwachuchumaza. Mvua kwa kawaida hushuka mchana, anasema, kwa hiyo huondoka nao asubuhi na mapema, gambuti miguuni, na kituo cha kwanza ni ua moja tu la okidi, dogo kiasi kwamba wengi wameshalipita. Halafu huanza kuwaeleza kitu wasichokiona.

Chini ya ua hilo kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ngozi imekunjamana, ukikibonyeza kinabonyea. Hicho kilijijaza msimu uliopita, na akiba yake ndiyo imepanda juu ikawa shina, majani na ua. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho kinanenepa sasa hivi, kwa mvua hii hii inayomlowesha mgeni, kwa ajili ya ua la mwaka kesho. Kiangazi kikija kila kilicho juu ya udongo hukauka, kikabaki hicho kimoja gizani. Mgeni wa Agosti, kwa maelezo ya mwongozaji huyu, huwa anakanyaga juu ya bustani nzima huku akilalamika kwamba hakuna kitu.

Anavyoeleza, mchimbaji wa viazi vya okidi vya kuuza naye huvijua viazi hivyo viwili, tena kwa vidole. Hufukua, hupapasa, hukiacha kilichosinyaa na kuchukua kigumu. Ua linaweza kuendelea kusimama siku kadhaa, zuri kama kawaida, na hakuna atakayetambua kwamba ndilo la mwisho.

Viazi hivyo husafiri hadi Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na pilipili, hupikwa, kisha hukatwa vipande. Ndiyo chikanda, chakula kinachopendwa mijini na vijijini. Tim Davenport na Henry Ndangalasi, walioichunguza biashara hiyo katika Nyanda za Juu Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walikadiria kuwa viazi vinavyovuka mpaka kila mwaka hufikia mamilioni. Hesabu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa hifadhi. Mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na bila kuvu wa kuzisaidia udongoni haziendelei. Pengo la shimo moja halizibwi kwa msimu mmoja wala miwili.

Mwongozaji haongei kama mtu anayewachukia wachimbaji. Kuna ndugu zake waliowahi kuchimba, na ndiyo sababu ya kuficha jina. Mkulima wa viazi mviringo ambaye bei imemwangusha, anasema, hupewa fedha mkononi kwa kitu ambacho hakukipanda wala kukipalilia. Kiingilio cha mtalii hakipitii mkononi mwake. Kijijini hubaki nauli ya bodaboda, chumba cha kulala na sahani ya chakula, ikiwa mgeni hakukimbilia Mbeya kabla giza halijaingia.

Na kuna jambo linalomsumbua zaidi: kazi yake yenyewe. Kumwonyesha mgeni okidi ni kuonyesha mahali ilipo. Siku hizi huwaomba wasiweke mtandaoni picha zinazotaja eneo. Wengine huahidi, lakini hana namna ya kujua nani ametimiza. Je, aache kuwaonyesha? Basi wamlipe kwa lipi, na Februari nani atapanda Hamsini na Saba kwenye tope?

Kwa sasa wanaopiga simu kuulizia Agosti huwaambia waahirishe, waje kwenye mvua na nguo za kubadilisha. Baadhi hukubali. Baadhi hukata simu wakatafuta mwongozaji mwingine, na yeye hukosa pesa ya Agosti.