Pepeta na Wenziwe: Vyakula Vilivyohama Majikoni mwa Rufiji

Msafiri ashukaye Mloka siku hizi, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Mto Rufiji karibu na lango la Mtemere la kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hapati taabu ya kushiba: chapati zipo alfajiri, wali kwa maharage upo adhuhuri, na chipsi mayai zipo mpaka usiku kwa ajili ya madereva na watumishi wa kambi za watalii. Lakini akitaka pepeta, au pure ya mahindi na kunde, au ugali wa bada kwa kambale wa moshi, aghalabu atajibiwa kwa tabasamu kwamba hivyo ni vyakula vya mabibi. Jawabu hilo limezoeleka pwani nzima, toka Kibiti hata Kilwa, na husemwa kana kwamba ladha za watu ndizo zilizogeuka, kizazi kikachoka na chakula cha kizazi kilichotangulia. Mimi, ambaye kazi yangu ni ilimu ya vyakula, siridhiki na tafsiri hiyo. Kwa kuwa nikivichunguza vyakula hivyo kimoja kimoja, naona kwamba ulimi haukuvikataa hata kidogo, ila vilinyang'anywa maji yaliyovikuza na mikono iliyovitwanga.

Tuanze na maji. Mrufiji wa zamani alikuwa na misimu miwili ya kulima katika bonde lile lile, na msimamizi wa misimu yote miwili alikuwa mto. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, kati ya Novemba na Januari, ili mche uwe umekwisha kuinua shingo yake kabla ya furiko la Aprili, na ukavunwa kuanzia Mei hata Julai. Kisha maji yalipokwisha kurudi nyuma na kuacha tope jeusi lenye rutuba, watu walishuka tena kupanda mahindi, kunde, choroko na maboga katika unyevu uliobaki, kilimo ambacho huko huitwa mlau, wala hakikuhitaji tone la mvua. Mafuriko yakiharibu mpunga, mlau ulifidia. Mlau ukiliwa na viwavi, mpunga ulikuwako ghalani. Kwa mpango huo bonde hili lililisha watu wake na kubakiza, hata katika karne ya kumi na tisa mchele wa Rufiji ukapakiwa majahazini kwenda Unguja na kwingineko, na wako wageni walioliita bonde hili Calcutta ndogo. Jiko la Mrufiji lilifuata kalenda hiyo bila ya kukosea. Mwezi wa pepeta ulijulikana, mwezi wa pure ya mahindi mapya na kunde za mlau ulijulikana, na samaki wa mabwawa kama Mtanza, kambale na perege walioachwa nyuma na maji, walikaushwa kwa moshi wakati wa wingi ili waliwe wakati wa uchache.

Sasa tuitazame pepeta kwa karibu, maana ndiyo inayostahili kuliliwa kuliko zote. Mpunga wake haukomai: mwanamke huingia shambani majuma machache kabla ya mavuno, na kwa kisu kidogo hukata shuke moja moja, akichagua yale ambayo ncha zake zimeanza kupiga manjano ilhali tumbo la punje lingali chanikiwiti, likibonyezwa kwa ukucha halitoi tena maziwa wala halijawa gumu. Mashuke hupururwa, punje zikarowekwa au zikachemshwa kidogo, kisha zikakaangwa juu ya moto katika chungu kipana, huku zikikorogwa bila ya kupumzika kwa fungu la chelewa ili zisiungue upande mmoja. Zinapoanza kulia na moja mbili kuruka, hapo hapo humiminwa kinuni zingali moto, na watwangaji wawili huanza kupokezana michi, na wa tatu, ambaye mara nyingi alikuwa binti mdogo mwenye vidole vyepesi, akizigeuza kwa kijiti baina ya pigo na pigo. Kapi huachana na punje, na punje hulala bapa kama magamba ya samaki. Zikapepetwa kwa ungo, zikarudishwa kinuni, zikapepetwa tena. Kinachobaki ni chakula chembamba, laini, cha rangi ya kijani kilichofifia, chenye harufu ya majani mabichi na ya moto kwa wakati mmoja; huliwa na nazi iliyokunwa na sukari, au hulowekwa katika tui, au hutafunwa kikavu njiani na mpiga kafi aendaye Mafia.

Haraka ile ya kutwanga kungali moto ina hoja yake. Ndani ya punje mna wanga, na wanga ukipata maji na moto kwa pamoja hulegea na kunata kama gundi. Ukiwa katika hali hiyo, mchi waweza kuubana ukawa bapa bila ya kuuvunja. Lakini ukiachwa upoe hukaza upya, na pigo la mchi litaleta chenga tupu. Fauka ya hayo, punje iliyokwisha kupikwa hivyo haihitaji kupikwa tena, na kwa kuwa imekauka huhifadhika kwa muda mrefu. Basi mabibi zetu walikuwa wakitengeneza chakula cha papo kwa papo kabla ya viwanda kuuza vya kwao katika paketi. Wala si wao peke yao duniani. Wahindi wana mchele wao bapa uitwao poha, ambao ni staftahi ya mamilioni ya watu kila siku. Wafilipino wana pinipig. Na katika jiji la Hanoi, nchini Vietnam, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa kwa jina la cốm huuzwa majira ya vuli umefungwa katika majani ya yungiyungi, na watu huungoja kwa hamu mwaka mzima. Huo ni ndugu wa pepeta kwa kila hali. Ndugu mmoja ameheshimiwa mjini na mwingine amesahauliwa kijijini, na tofauti baina yao, kwa maoni yangu, ni ya malipo: kule pana familia zilizofanya kazi hiyo kuwa biashara zikalipwa kwa jasho lao, na huku kazi ilikuwa ya mke na binti, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuitia bei.

Hapa yafaa niseme neno ambalo baadhi ya wazee wenzangu hawatalipenda. Nikisikiliza watu wanaosikitikia vyakula vya kale, nakuta kwamba wengi wao ni wanaume waliovila, na wachache mno ni wanawake walioshika mchi. Mashine ya kukoboa ilipofika vijijini, wanawake waliikimbilia, na lau ningalikuwa miongoni mwao ningalikuwa wa kwanza mlangoni. Hasara ilikuwako, hata hivyo, na ilimu inaijua. Mchele wa kinu hubakiza sehemu ya pumba, na katika pumba ndimo ilimo vitamini B1. Mchele wa mashine iliyosugua sana hung'aa kama meno ya mwali, lakini umevuliwa kinga hiyo. Tabibu Mholanzi Christiaan Eijkman, alipokuwa Java mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakipona, na kwa uchunguzi huo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mlaji wa wali mweupe kwa kunde na kisamvu hana haja ya kuogopa, maana kunde humrudishia alichonyang'anywa. Wa kuhofiwa ni yule ambaye wali wake umebaki peke yake sahanini.

Bada nayo, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, ina kisa chake. Muhogo, ambao kama mahindi ulitoka Amerika kwa njia ya Wareno, na kwa hiyo si wa asili kama tunavyojidai, una sumu ya sayanaidi, hasa ule mchungu unaopendwa na wakulima kwa kuwa nguruwe na nyani wanauchelea. Ukimenywa, ukavundikwa siku kadhaa hata ukafanya ukungu, ukakwanguliwa, ukaanikwa na kutwangwa, sumu hutoweka karibu yote na unga hupata ule uchachu unaoufanya ugali wa bada ukubaliane sana na samaki wa moshi aliyetiwa tui. Siku hizo si mapambo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika Wilaya ya Tarime walifupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa, na maradhi ya konzo, yapoozeshayo miguu bila ya kurudi, yakawashika watoto na wanawake kwa wingi. Yeyote atakaye kufufua bada, basi, na aifufue pamoja na siku zake. Ama ndiga, kile kiazi cha mwituni chenye sumu kilichokatwa vipande na kuachwa katika maji yapitayo mpaka ukali wake uishe, hicho kilikuwa chakula cha miaka ya dhiki, na simwoni mtu mwenye akili timamu akikililia.

Yaliyobaki yalitendwa na historia kwa kasi kubwa. Baada ya furiko la 1968, Serikali ilihamisha watu wa bondeni kwa maelfu na kuwakalisha katika vijiji vya ujamaa juu ya mwinuko wa kaskazini. Watu wakanusurika na maji, lakini shamba likawa mbali na jiko. Zamani jamaa nzima ilihamia shambani na kulala katika dungu, kile kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo ndefu, wakilinda mazao na kupika pale pale. Pepeta ilikuwa chakula cha dungu, kwa kuwa mpunga mchanga hauwezi kungoja safari. Ukame wa 1974 na 1975 ukaleta unga wa yanga, mahindi ya manjano ya Marekani, ambao watu waliusema vibaya na wakaula, na tangu hapo sembe haikuondoka mezani. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto apelekwe shule. Agizo jema kabisa, isipokuwa mtama, ambao hauna ganda la kuufunika kama mahindi, ulikuwa ukilindwa na watoto hao hao dhidi ya kweleakwelea. Mtoto akaenda darasani, ndege wakabaki shambani, na mkulima akachagua mahindi. Sijaona kitabu cha mapishi kinachoyataja mambo kama haya.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Ndundu, na njia ya Dar es Salaam ikawa nyepesi kwa mafuta ya kupikia, ngano na tambi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 katika korongo la Stiegler, juu ya Mloka. Na bwawa lolote duniani hukamata tope na kubadili nyakati za maji, yaani vitu viwili vile vile vilivyoulisha mlau. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, yalionyesha kwamba mto haujafugwa kikamilifu. Lakini furiko ambalo mkulima halitabiri ni msiba mtupu, haliwi kalenda. Taa tunazitaka, wala sisemi tuzizime. Nasema tu kwamba atakayeandika hesabu ya faida na hasara, asiache safu ya kunde.

Je, kuna kinachoweza kurudi? Pure yaweza kurudi kesho, kwa kuwa mahindi yaliyokobolewa na kunde zipo sokoni Ikwiriri na kazi yake ni kungoja chungu tu. Kambale wa moshi hajaondoka, amepungua. Pepeta ndiyo yenye mashaka, nayo ndiyo yenye tamaa kubwa, maana kambi za watalii zilizoizunguka Mloka huandalia wageni nafaka za paketi zilizosafiri bahari mbili, ilhali nje ya ua wao pana wanawake wanaojua kutengeneza kitu bora zaidi. Meneja wa kambi asomaye makala haya na afanye mapatano nao mapema, kwa bei inayolingana na kazi ya watu watatu kinuni, wala asiwapunje. Na wewe msomaji mwenye bibi bondeni, ukitaka kuionja, usingoje Julai. Mwendee Mei, kabla mpunga haujakauka, na mchi wa pili ushike mwenyewe. Kwani punje ikishakomaa, mwaka huo pepeta haipatikani kwa fedha yoyote.