Dada, Kabla ya Kukunja Kope kwa Dawa



Kahawa ikishauzwa huku kwetu Mbinga, harusi hufuatana. Leo ni kicheni pati, kesho sendofu, na kila mama angependa kupendeza. Basi sisi wauguzi tunaotembelea vikundi vya akina mama, kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay na Liuli ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tumekuwa tukiulizwa: "Dada, kope zangu zimenyooka kama fagio. Nasikia saluni za mjini huzikunja kwa dawa. Je, ni salama?"

Swali hili si la kuchekwa. Kupenda kupendeza si kosa, na kumjibu mwenzetu "acha anasa" hakumsaidii. Tumweleze jambo lenyewe lilivyo, kisha aamue.

Kope zina kazi gani?

Kwanza, kope zilizonyooka si ugonjwa. Mungu ametuumba tofauti. Kope zilizonyooka na zilizojikunja hufanya kazi ile ile: kuzuia vumbi na wadudu, na kulifumbisha jicho mara kitu kinapozigusa.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walipima kope za wanyama wa aina 22. Waliona kwamba kope zenye urefu wa karibu theluthi moja ya upana wa jicho ndizo zinazolikinga vizuri lisipigwe na upepo na kukauka. Zikizidi hapo, huanza kuelekeza upepo ndani ya jicho. Mama anayeanika usipa ufukweni wakati Mwera unavuma ajue kwamba kope ndefu mno za kubandika hazimsaidii.

Dawa hufanyaje kazi?

Fundi hukuambia ulale na kufumba macho. Huweka kijito kidogo laini juu ya ngozi inayofunika jicho, kisha huzibandika kope juu yake kwa gundi. Hupaka dawa ya kwanza, ambayo hulegeza unywele, halafu ya pili, ambayo hukaza umbo jipya. Kope hubaki zimejikunja kwa muda wa wiki 6 hadi 8 hivi. Baada ya hapo za zamani huwa zimeanguka na mpya zimeota, zikiwa zimenyooka kama kawaida.

Wenzetu mliowahi kuweka kalikiti mnaijua harufu ya dawa hii. Ni ya jamii ile ile, thioglikoleti. Ikichoma kichwani, kidonda hupona na nywele huota. Lakini kioo cha jicho ni chembamba sana, karibu nusu milimita katikati. Kikiungua sana hubaki na kovu, na kovu huzuia mwanga.

Ndiyo sababu nchi nyingine zimeweka masharti. Mwaka 2004 Wizara ya Afya ya Japani ilikumbusha kwamba dawa za kukunja nywele za kichwani si za kutumiwa kwenye kope. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliruhusu dawa ya kope yenye thioglikoleti isiyozidi asilimia 11, na itumiwe na mafundi wenye ujuzi tu.

Ukiamua kwenda

1. Omba kuiona chupa. Iwe imeandikwa kuwa ni ya kope, na tarehe yake isiwe imepita. Ukiona dawa ya nywele, au chupa isiyo na maandishi, aga uondoke.

2. Dawa ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio, siku mbili kabla. Ukiwashwa au kuvimba, acha.

3. Usiende ukiwa na macho mekundu, chokea, au kama umefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni.

4. Fundi anawe mikono, na brashi ya mteja mmoja isimguse mwingine. Tunakumbuka jinsi ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea Januari 2024.

5. Usifanye mkesha wa harusi. Ukidhurika, utaingia kanisani macho yamevimba.

Kama unataka kope zilizojikunja kwa siku moja tu, kuna kifaa kidogo cha kubana kope kisichotumia dawa. Kioshe, kitumie kabla ya kupaka wanja, na usiazimane.

Dawa ikiingia jichoni

Usingoje. Osha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, likiwa wazi, kwa muda usiopungua dakika 20. Maji ya bomba au ya jagi yanafaa. Usitie maziwa ya mama, mkojo, mitishamba, wala matone yaliyobaki kwa jirani. Kisha nenda kwenye zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, iwe Liuli, Litembo au Mbinga mjini, hata kama maumivu yamepungua. Chukua na chupa ya dawa ili mganga aione.

Kope zinazoelekea ndani

Kuna akina mama ambao kope zao zimegeuka ndani na kukwaruza jicho. Jicho hutoa machozi, huuma, na mwanga hulichoma. Hili si jambo la saluni. Huenda ni matokeo ya vikope, yaani trakoma, ugonjwa uliosumbua sana maeneo makavu kama Kongwa, mkoani Dodoma. Sisi wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, maana tunalea watoto wadogo, na ugonjwa hupita kwa mikono, vitambaa na nzi. Kuzing'oa kope kila wiki hakumalizi tatizo, maana huota tena. Upasuaji mdogo wa ngozi ya jicho huzigeuza zitazame nje. Mama mkwe wako akilalamika hivyo, usimwambie ni uzee, mpeleke hospitali.

Akina mama, kwa macho hayo tunachambua kahawa, tunashona sare za watoto, tunasoma kadi ya kliniki na kumtambua mtoto aliyeanza kuumwa kabla hajasema. Ukope ukianguka mwingine huota, lakini jicho likiharibika hatuna la kubadilisha. Wasomee mabinti zenu ukurasa huu kabla hawajakwenda mjini.